Mrejesho: Malaika walioanguka Mbozi
Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuwaleta malaika walioanguka katika Nyanda za Juu Kusini, kwa ajili ya mchezo wetu wa kuigiza wahusika (kila mchezaji huigiza mhusika wake, na dadu huamua matokeo), bila nguvu zao kuwafunika wanadamu. Nimefuata ushauri wa kumwachia kila malaika ufundi mmoja tu, kama katika Kitabu cha Henoko, andiko la kale la Kiyahudi, ambamo malaika 200 wanashuka kutoka mbinguni juu ya mlima Hermoni na mmoja wao, Azazeli, anawafundisha watu kufua panga. Wetu wameangukia Mbozi, penye kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi, na Azazeli sasa ni mhunzi wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, anayeugua na kuzeeka kama jirani zake. Wachezaji, ambao awali walirusha dadu ili wapigane tu, sasa wanabishana kwa uchungu iwapo afue jembe au upanga.