MJADALA: Kujitolea bila posho ni mlango wa ajira au ni kazi ya bure?

Mtoa mada (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za leo. Nina hoja, naomba tuijadili bila matusi.

Nilimaliza shahada ya uhasibu 2022. Karibu kila tangazo la kampuni binafsi nililosoma mwaka ule lilikuwa na mstari uleule: uzoefu usiopungua miaka 2, mengine 3, hata kwa kazi ya kuingiza risiti kwenye kompyuta. Kila niliyemlilia akanijibu hivyo hivyo, nenda kajitolee. Nikajitolea miezi 9 kwenye ofisi moja Masaki, nakaa Segerea kwa mama mdogo. Nauli kwenda na kurudi 2,600, chakula cha mchana 2,000 (Masaki ukipata sahani ya bei hiyo ushukuru). Siku 22 kwa mwezi. Pigeni hesabu wenyewe: 101,200 kila mwezi, miezi 9 ni 910,800. Aliyezitoa ni mama yangu anayeuza dagaa Mwanza. Ofisi haikunipa hata vocha. Na Bodi ya Mikopo inakupa miezi 24 tu tangu uhitimu kabla deni halijaanza kudaiwa, kwa hiyo miezi 9 ya muda huo iliishia kwenye kazi isiyo na mshahara.

Barua ya uzoefu nilipewa, na kazi niliyonayo leo niliipata kwa barua ile. Kwa hiyo sisemi kujitolea hakusaidii. Ninachosema ni kwamba barua ile niliinunua. Tuliingia pale watatu. Mmoja alikuwa na GPA ya kunizidi, katokea Songea, Dar hana ndugu. Alivumilia wiki tatu akarudi kwao. Leo tukiomba nafasi moja, mimi nina "uzoefu" na yeye hana. Kilichotutenganisha ni godoro la mama mdogo.

Pendekezo langu: sheria itamke kwamba anayejitolea alipwe walau nauli na chakula, na asiwekwe zaidi ya miezi 6. Karibuni.

Mwenye ofisi ya uhasibu (Arusha)

Dada pole, na hongera kwa kupata kazi. Ila ngoja nikuoneshe upande wa pili wa meza.

Ofisi yangu ina watu watano. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kukuza ujuzi) za wateja mwisho tarehe 7, ritani (taarifa ya kodi) ya VAT mwisho tarehe 20, na tarehe hizo hazimsubiri mtu. Mwaka juzi niliajiri kijana mwenye GPA ya 4.2. Nikampa makaratasi ya mteja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Viwango vya kimataifa vya uhasibu alivitaja kwa namba, lakini ritani ya VAT hajawahi kuiona kwa macho. Ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na EFD (mashine ya risiti za kodi), alidhani ni risiti iliyoharibika, akaitupa. Faini nililipa mimi, mteja akahama. Halafu unaniambia anayekuja kujifunza nimpe na nauli? Mwalimu ni mimi, karo nitoe mimi? Pitisheni sheria hiyo, nitafunga mlango kabisa, sitapokea hata mmoja.

Mwalimu (Tabora)

Mwaka wa nne huu nafundisha hisabati kwa kujitolea, sekondari ya kata. Nilihitimu 2017. Posho yangu inatoka kwenye michango ya wazazi, elfu 80 baada ya mavuno. Masika ikifika hakuna wa kumdai.

Miaka yote tunaambiwa wanaojitolea watapewa kipaumbele. Mwanzoni mwa 2025 walimu tukaitwa kwenye usaili. Karatasi ya mchujo haikuniuliza nimefundisha watoto wangapi. Jirani yangu kwenye chumba cha mtihani alikuwa katoka chuo mwaka uliotangulia, mada bado mbichi kichwani, akapita na mimi nikabaki. Sina kinyongo naye, kasoma. Lakini nielewesheni: uzoefu ukiwa kwenye tangazo ni sharti, ukiwa kwangu hauna bei. Ni uzoefu gani huo?

Mchangiaji mwingine

Kujitolea kwenyewe siku hizi kunataka koneksheni. Nilipeleka barua ofisi nne, ofisi tatu swali la kwanza lilikuwa "nani amekuelekeza kwetu?"

Afisa utumishi mstaafu (Dodoma)

Wanangu, nawasoma. Sisi tuliomaliza chuo miaka ya 70 tulipangiwa kazi, barua ya ajira ikakufuata ulipo. Wahitimu tulikuwa wachache kuliko meza. Sisemi hivi kwa kujisifu, hapakuwa na cha kujisifia.

Binti wa Dar, nakupinga kidogo. Nafasi za kuanzia serikalini, zile za Daraja la II, nyingi haziulizi uzoefu kabisa. Matokeo yake? Uhamiaji mwaka 2014 walijaza Uwanja wa Taifa watu zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70. TRA (Mamlaka ya Mapato) mwaka 2025 walitangaza nafasi 1,596, maombi yakazidi 130,000. Ondoa sharti la uzoefu kesho asubuhi, foleni itakuwa ileile.

Na wewe kijana wa Arusha, hofu yako sheria iliiona zamani. Soma kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamlindi mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwako. Una nusu mwaka mzima wa kumpima mgeni huku ukimlipa, na akikushinda mnaachana. Anayemweka mtu mwaka mzima bila senti ili "amwone kwanza" anatafuta wepesi tu.

Mtoa mada

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali, nafasi 70 zitabaki 70. Sijadai kwamba kazi zitaongezeka. Ninachouliza ni hao 70 ni watoto wa nani.

Kaka wa Arusha, naomba unijibu kwa uaminifu. Yule wa pili uliyemchukua baada ya huyo wa ripoti ya Z, ulimfundisha ritani kwa muda gani mpaka akaweza peke yake? Na tangazo lako la sasa linataka uzoefu wa miaka mingapi?

Mwenye ofisi ya uhasibu (Arusha)

Ameweza ndani ya miezi mitatu. Tangazo linasema miaka 2.

Najua unakoelekea, kwa hiyo nimalize mwenyewe. Ile miaka 2 naiandika kupunguza barua. Niliwahi kutangaza nafasi moja bila sharti, zikaja barua pepe zaidi ya 400 ndani ya siku tano. Atazisoma nani, na ritani zinanisubiri? Uzoefu kwangu ni chekeche tu. Najua linamwaga na nafaka nzima.

Mtoa mada

Basi tafuta chekeche jingine. Wape risiti kumi na ripoti moja ya Z, zile za mteja uliyeshamalizana naye ukiwa umefuta majina, waandae ritani nyumbani kwao. Katika 400, watakaorudisha hawafiki 60. Na yule wa Songea angekuwemo.

Mwenye ofisi ya uhasibu (Arusha)

Watafanyiwa na ndugu zao. Lakini sawa, wa mwisho watano naweza kuwakalisha ofisini wafanye mbele yangu. Hilo nitalijaribu mwezi wa saba. Nauli ya anayejitolea bado nakataa kwa miezi miwili ya kwanza, maana hapo anakula muda wangu. Kuanzia wa tatu, akishaniingizia kazi, tunaweza kuongea.

Afisa utumishi mstaafu (Dodoma)

Miezi miwili ya kwanza ndiyo iliyomrudisha mtu Songea.

Mwalimu (Tabora)

Mzee, hapo umegonga penyewe. Na mimi niongeze la kwetu: huyo wa Arusha akikataa, kuna ofisi nyingine. Sisi tunaojitolea shule za umma mwajiri ni mmoja, na ndiye huyohuyo tunayetaka atunge sheria ya kutulipa. Ningeandika zaidi ila kengele imelia. Kidato cha pili wapo 94, chaki niliyonayo ni kipande.