Cinderella ya kutisha, mandhari Ujiji

Mwandishi_Kigoma: Wakuu, naisimulia upya kwa vijana wa miaka 14–18. Hofu niitoe wapi bila kumwaga damu ovyo?

Msomaji_Tabora: Mkuu, rudi kwa ndugu Grimm wa Ujerumani, toleo la 1857. Dada mmoja anajikata kidole cha mguu, mwingine kisigino, kiatu kiingie. Kisu wanapewa na mama yao mzazi! Hofu iko hapo: andika mkono unaotoa kisu, jeraha lipe sentensi moja tu.

Mhariri: Naunga mkono. Sharti la kurudi kabla ya saa sita usiku ni la Perrault, Mfaransa, 1697. Kwenye toleo hilo la Grimm halipo. Ukichanganya, masharti ya uchawi yanagongana na katikati inalegea.

Msomaji_Tabora: Na ule mti wa Grimm, ulioota kwenye kaburi la mama yake binti, Ujiji uwe mwembe.