Naomba ushauri: sonata za Niels Gade za fidla na piano, tuanze na ipi?

Upinde:
Wakuu, habari za jioni. Napiga fidla, na rafiki yangu ni mpiga piano hodari kunizidi. Tumekuwa tukisikiliza rekodi ya Hasse Borup na Heather Conner yenye sonata zote tatu za Gade, yule mtunzi Mdenmark. Tunataka tuandae moja tuipige kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi nimeipenda mno ya pili, mwenzangu anang'ang'ania ya kwanza. Ya tatu inatutisha. Tafadhali tusaidieni.

Nyuzi Nne:
Niko upande wako, mkuu. Ya pili, opus 21 (yaani namba ya kazi yake ya 21), D maina. Ni ya 1849, mwaka mmoja baada ya vita vya Prussia na Denmark kumrudisha Gade Copenhagen kutoka Leipzig, na alimtunukia mtunzi mwenzake Robert Schumann. Rudia kusikiliza sehemu ya katikati: fidla inaimba taratibu, mara mwendo unachangamka. Mtu hawezi kusinzia hapo! Tena Gade mwenyewe alikuwa mpiga fidla wa okestra ya kifalme, na mwaka 1845 ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza la koncheto ya fidla (fidla ikipigwa na okestra) ya mtunzi Mendelssohn. Aliyajua mambo ya upinde.

Mama Kinanda:
Mdogo wangu, nampinga Nyuzi Nne. Ya kwanza, opus 6 ya 1842, A meja, imetunukiwa Clara Schumann, mke wa Robert na mpiga piano mashuhuri. Piano humo haisindikizi, inazungumza. Gade alikuwa na miaka 25, muziki una nuru ya ujana. Mwenzako akiwa hodari hivyo, usimfiche nyuma ya fidla yako.

Nyuzi Nne:
Mama, hilo la piano ni kweli hata kwa ya pili.

Mama Kinanda:
Sikatai. Ila ya pili inataka watu waliokwisha kuzoeana, maana mwendo unabadilika-badilika. Hii ya tatu, opus 59 ya 1885, ina sehemu nne, iacheni kwa sasa, ingawa ile romansi yake, sehemu yenye wimbo mtulivu, ni tamu sana. Noti za zote tatu zipo bure IMSLP, maktaba ya noti mtandaoni.

Upinde:
Asanteni sana. Tumepiga pamoja miaka mingi, kwa hiyo nadhani mwenzangu atakubali ya pili. Sasa ule mwanzo wa polepole, nani aongoze?

Mama Kinanda:
Basi chukueni ya pili, kwa moyo mmoja. Uongoze wewe kwa pumzi: vuta pumzi kwa mwendo uleule mtakaoanza nao, yeye akiuona upinde wako. Simama mahali anapokuona bila kugeuza shingo. Na kifuniko cha piano msikifunge, kiegemezeni kwenye kijiti kifupi, halafu mtu akae kiti cha nyuma kabisa awaambie kama noti zako za chini zinamezwa.