Dawa ya mwarobaini kwa bamia: majani au kokwa?

Mkulima wa Wete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina konde dogo la bamia na nyanya kando ya bonde la mpunga. Vidukari wamejaa chini ya majani ya bamia hadi yamejikunja, na sisimizi wanapanda na kushuka mashinani. Wiki ya pili hii nachemsha majani ya mwarobaini na kupulizia saa mbili asubuhi, lakini sioni mdudu aliyekufa. Jirani ananishauri nitumie majani ya utupa, ule mmea wenye sumu. Nimekosea wapi?

Bi Shamba, Micheweni:
Waalaykum salaam. Mti ni huohuo, ndugu yangu, ila nguvu yake imo zaidi katika kokwa kuliko majani, na jua huiharibu upesi. Dawa iliyomo, iitwayo azadirakitini, humwondolea mdudu hamu ya kula na kumzuia asijivue gamba akakua. Basi usitazamie mizoga, tazama kama majani machanga yanatoka yamenyooka. Mimi huokota matunda yaliyoiva, nikayamenya na kuanika mbegu kivulini. Zenye ukungu nazitupa. Hutwanga gramu 500 za kokwa, nikaziloweka usiku kucha katika lita 10 za maji yasiyochemshwa, kisha nikachuja kwa kipande cha kanga kuukuu na kutia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Pulizia jioni, chini ya majani waliko wadudu wenyewe, na urudie baada ya siku saba.

Mstaafu wa Dole:
Nakuomba sana uuache utupa mahali hapo. Wazee waliutumia kulewesha samaki, kwa kuwa una sumu iitwayo rotenoni, na mvua moja inatosha kuiteremsha hadi kwenye maji ya bonde. Tumbaku nayo, ambayo wengi huisifu, ina nikotini inayopenya ngozi ya mpuliziaji, na inaweza kuambukiza nyanya zako ugonjwa wa virusi uitwao batobato. Sisimizi nao wazuie, maana hufuata utamu wanaoutoa vidukari na kuwafukuza wadudu ambao wangewala.

Mkulima wa Wete:
Ahsanteni sana. Nyuma ya msikiti wetu upo mwarobaini mkubwa ambao matunda yake hufagiliwa na kutupwa. Nitaanza na tuta moja la bamia na kuliacha la pili bila dawa, niione tofauti kwa macho yangu.