MJADALA: Mama mkimbizi akifika kliniki Mtwara, aulizwe kwanza karatasi au hali yake?

Mtoa mada (Chikongola, Mtwara)

Wanakusini wenzangu, habari za leo. Naleta jambo ambalo huku mtaani tunalinong'ona tu.

Nilikuwa na jirani, simtaji. Alivuka mto Ruvuma akiwa na mimba baada ya mji wa Palma, Msumbiji, kushambuliwa Machi 24, 2021. Mume walipotezana njiani. Akajifungulia chumbani, kliniki hakukanyaga kwa hofu. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inataka mkimbizi akae eneo alilopangiwa, na wakati ule kambi zenyewe, Nyarugusu na Nduta, zilikuwa Kigoma, pembe nyingine kabisa ya nchi. Tena alishasikia habari za wenzake waliorudishwa Msumbiji kupitia kivuko cha mpakani cha Negomano. Kimakonde chake tunaelewana nacho vizuri, basi akajichanganya nasi, kimya.

Tulikuwa tunabangua korosho uani. Siku moja mtoto alilia mgongoni mpaka sauti ikakauka, na yeye anabangua tu. Maziwa yamelowesha gauni, majivu aliyopaka vidoleni ili mafuta ya ganda yasimchubue yamekuwa tope. Nilipomgusa bega alishtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Wengine wakasema ana jini, wengine mvivu. Mimi nasema ile ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea asilimia 19.8 ya kina mama hupata tatizo la akili baada ya kujifungua. Kwa watu walioishi kwenye vita, ni karibu mmoja kati ya watano. Yule alibeba yote mawili.

Hoja yangu: kliniki ya mama na mtoto imuulize mama hali yake kwanza. Lipo dodoso la Edinburgh la tangu 1987, maswali kumi tu kuhusu siku saba zilizopita: umeweza kucheka, umekosa usingizi kwa majonzi, umewaza kujidhuru. Karatasi za uhamiaji zisiulizwe pale.

Mchangiaji wa Mikindani

Dada, tusisahau kijiji chetu cha Kitaya, Oktoba 2020. Wavamizi walivuka kutoka Msumbiji, watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Watu wa mpakani hatuwezi kuacha kuulizana nani katoka wapi. Halafu mama zetu wenyewe wakifika kliniki, mtoto anawekwa kwenye mzani, kadi inajazwa, haya anayefuata. Mama hakuna anayemtazama usoni. Tuanze na wa kwetu.

Mtoa mada

Kaka yangu, Kitaya siisahau. Ila ulinzi una watu wake na mahali pake, na kwenye mzani wa watoto si mahali pake. Ukimtisha mama pale, unamkosa yeye, unaikosa na chanjo ya mtoto.

La mama zetu umesema kweli tupu, ndiyo maana nataka maswali hayo aulizwe kila mama aliye kwenye foleni. Na "wa kwetu" ni nani? Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza 1964 tuliwapokea, Rutamba kule Lindi kukawa na makazi ya wakimbizi. Wangapi tunaosoma hapa babu zetu walivuka mto ule ule?

Mkunga mstaafu, Newala

Wanangu, nimezalisha miaka mingi. Kuuliza bila kuwa na wa kupokea jibu ni kumtonesha mtu kidonda. Mama akisema "natamani kufa", na nesi ni mmoja, foleni imefika mlangoni, atafanya nini?

Zimbabwe tangu 2006 wanawafundisha bibi wa mtaani. Bibi anakaa kwenye benchi nje ya zahanati, mama anasema yaliyomjaa, kisha wanachagua tatizo moja la kuanza nalo. Aliyezidiwa anapelekwa kwa wataalamu. Sisi tunao makungwi! Kukaa na mwanamke na kutunza siri yake ndiyo kazi waliyokulia, na Kimakonde hawahitaji mkalimani. Ila wapewe nauli na posho. Nimechoka kuona wanawake wazee wanatumikishwa bure kwa jina la kujitolea. Halmashauri iliweke kwenye bajeti, vinginevyo ni maneno matupu.

Mtoa mada

Shikamoo mama. Nauli na posho naafiki, na hapo kwenye wa kupokea jibu umenirekebisha, sikuwa nimelifikiria. Jirani yangu alihama usiku na mwanawe, hakuaga. Lakini uani bado wapo wawili waliovuka, mmoja ana mtoto wa wiki sita. Benchi lipo. Utakuja lini?