Naomba ushauri: insha ya Descartes, Locke na Hume niianzie wapi?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma falsafa mwaka wa pili, na nimepewa insha ya maneno 3,000 inayonitaka nieleze jinsi Descartes, Locke na Hume walivyohusisha mambo matatu: maarifa, nafsi na kuwapo kwa Mungu. Nilipanga kumpa kila mmoja sehemu yake, lakini kila nikiandika naona ninapanga wasifu tatu kwa kufuata tarehe, wala sioni hoja inayoziunganisha. Aidha, kuna jambo linalonitatiza katika Tafakuri, kitabu cha Descartes cha mwaka 1641 chenye sehemu zinazoitwa Tafakuri ya Kwanza, ya Pili na kuendelea. Anasema tunaweza kuyaamini yale tunayoyaona kwa uwazi akilini kwa sababu Mungu hadanganyi, ilhali kuwapo kwa Mungu huyo amekuthibitisha kwa kutegemea mambo aliyoyaona kwa uwazi akilini. Je, hilo nilitaje kwa kupita, au ndilo liwe kiini cha insha?

Mzee wa Maktaba

Ndugu mleta uzi, anza na nafsi, kwa kuwa kwa Descartes ndiyo mlango wa hayo mengine mawili. Katika Tafakuri ya Kwanza anayatilia shaka yote aliyoyapata kwa milango ya fahamu, hadi anajaalia pepo mwenye hila anayemdanganya katika kila jambo. Katika ya Pili anaona kwamba hata akidanganywa, hana budi kuwapo ili adanganywe. Itazame hali yake hapo: ana uhakika wa kuwapo kwake tu, akiwa kitu kinachofikiri. Ndiyo maana katika Tafakuri ya Tatu hamtafuti Mungu kwenye mwezi na nyota, bali anayakagua mawazo yaliyomo ndani yake, na anakuta wazo la kitu kisicho na kikomo, ambalo anadai kwamba mwenye shaka na upungufu kama yeye asingeweza kulitunga, kwa sababu chanzo hakiwezi kuwa na uhalisi mdogo kuliko matokeo yake. Anasema wazo hilo ni kama alama ambayo fundi huiacha kwenye kazi yake.

Kuhusu mzunguko unaokutatiza, mwanatheolojia Mfaransa Antoine Arnauld alimweleza Descartes jambo hilohilo katika Pingamizi za Nne, moja ya mafungu ya hoja za wasomi dhidi ya kitabu hicho, zilizochapishwa pamoja na Tafakuri. Descartes alijibu kwa kutofautisha tunachokiona kwa uwazi sasa hivi na tunachokumbuka kwamba tulikiona kwa uwazi hapo awali. Mungu, kwa jibu hilo, anahitajika kwa hicho cha pili. Kwangu mimi jibu hilo halitoshi, kwa sababu uthibitisho wenyewe wa Tafakuri ya Tatu una hatua nyingi, na mwenye kufika hatua ya mwisho hana budi kuikumbuka ya kwanza. Lipe aya mbili nzito.

Msomaji wa Pwani

Namheshimu Mzee wa Maktaba, lakini nadhani kiungo unachokitafuta si nafsi, bali ni ile kanuni ya chanzo na matokeo aliyoipitia upesi. Locke, katika kitabu chake kikubwa chenye tarehe ya mwaka 1690, anakataa kwamba binadamu huzaliwa na wazo la Mungu, kwa hiyo ile alama ya fundi anaifuta. Hata hivyo hamwachi Mungu. Katika Kitabu cha Nne anasema ninajua bila shaka kwamba nipo. Kilichokuwa na mwanzo kimeletwa na kingine. Na kufikiri hakuwezi kuzuka katika maada isiyofikiri. Basi tangu milele kuna kitu chenye akili. Katika toleo la pili, la mwaka 1694, akaongeza sura isemayo kwamba mtu hubaki yuleyule kwa mwendelezo wa ufahamu wake, ambamo nafsi ya mwanamfalme, pamoja na kumbukumbu zake, inaingia katika mwili wa fundi viatu. Sura hiyo haiugusi uthibitisho wake wa Mungu, kwa maana uthibitisho unahitaji tu kwamba nipo sasa, hata kama swali la kilichonifanya niwe yuleyule wa jana limebaki wazi.

Hume ndiye anayeubomoa, na anaubomoa kwenye kanuni. Katika Kitabu cha Kwanza cha kazi yake iliyoanza kutoka mwaka 1739 anaonyesha kwamba kauli ya kuwa kila kinachoanza kina chanzo haithibitiki kwa hoja ya akili peke yake. Baadaye katika kitabu hichohicho anaeleza kwamba kila anapojichungulia ndani hukutana na joto au baridi, upendo au chuki, wala hajikuti yeye mwenyewe pasipo hisia fulani. Usiache kutaja kwamba katika kiambatisho cha mwaka 1740 alikiri kuwa maelezo yake ya nafsi hayakumridhisha.

Binti Mdadisi

Kama maneno yatabaki, mtaje binti mfalme Elisabeth wa Bohemia, aliyemwuliza Descartes kwa barua mwaka 1643 ni vipi nafsi isiyo na umbo huusukuma mwili. Na yupo mwanafalsafa Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa eneo la Ghana ya leo, ambaye katika tasnifu yake ya Wittenberg ya mwaka 1734 alidai kwamba kuhisi ni kazi ya mwili, akimpinga Descartes aliyesema nafsi huathirika pamoja nao. Nashangaa kwamba vyuo vyetu havimtaji.

Mleta uzi

Nawashukuru sana. Nitaufuata mkondo wa chanzo na matokeo. Je, naweza kuandika kwamba Hume alimkanusha Mungu?

Msomaji wa Pwani

Usiandike hivyo. Majadiliano yake kuhusu dini yalichapishwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake, nayo yana wasemaji watatu wanaobishana. Hata hoja isemayo kwamba lolote tunaloweza kulifikiria kuwapo tunaweza pia kulifikiria kutokuwapo, imetolewa na Cleanthes, anayemtetea Mungu kwa njia nyingine, na si na Philo mwenye shaka. Kila unaponukuu, taja nani anasema.