SAFARI YA PUNE, INDIA 🎓 mahafali ya Zulfa

*Jumapili*

Mwanaisha 19:02
Assalam aleikum. Nimeomba picha za pasipoti tangu mwezi jana, nilizopata ni ya Rehema peke yake. Mahafali ni mwezi wa kumi na mbili, si mbali

Mwanaisha 19:05
Visa ya India yajazwa kwa intaneti, waweka picha yako yenye nyuma nyeupe na skani ya ukurasa wa pasipoti, walipa, wanakutumia barua kwa imeili na hiyo barua uitoe kwa karatasi, usije ukaniambia iko kwa simu na simu imezima chaji. Tovuti ya serikali yao inaishia gov.in, kuna nyingine zimefananishwa nayo kazi yao kula pesa za watu tu. MSIJAZE WENYEWE nitajaza mimi, jina likikosewa pesa hairudishwi

Swaleh 19:31
👍

Mwanaisha 19:31
Swaleh kidole si pasipoti

Omari 19:50
😂😂 mi nina swali la muhimu. Kule saa hizi ni saa ngapi

Zulfa 19:52
Saa nne na dakika 22 usiku. Tuko mbele yenu masaa mawili na nusu

Omari 19:53
Hiyo nusu ya nini sasa, walishindwa kuelewana?

Mwanaisha 19:55
Omari tutolee balaa. KADI YA MANJANO. Ukitoka Kenya wataka kuona kadi ya homa ya manjano, huna wanakuweka karantini mpaka siku sita, mwenzio avalishwa joho wewe umelala huko. Na sindano ichomwe siku kumi kabla ya kufika, si asubuhi ya safari

Swaleh 20:10
[Picha]
Hii?

Zulfa 20:11
Kaka hiyo ni ya uti wa mgongo, ile ya Umra

Rehema 20:14
Mi nilichomwa zamani sana nikienda Uganda itakuwa imekwisha

Mwanaisha 20:16
Haiishi. Tangu 2016 sindano moja ni ya maisha, itafute tu hiyo kadi. Ila Bibi asichomwe vivi hivi, kwa umri wake aonwe na daktari kwanza aseme

Zulfa 20:24
Pia pesa. Huku kila mtu alipa kwa kuskani na simu hata muuza chai, lakini ile lazima uwe na akaunti ya benki za huku, M-Pesa yenu haitafanya kitu. Mje na dola mbadilishe, mtembee na keshi ya noti ndogo ndogo maana ukitoa rupia mia tano kwa kitu cha ishirini wakuangalia tu. Na laini ya simu wataka pasipoti na visa na picha na yaweza chukua muda kuwaka, msije mkaanza kulia siku ya kwanza

Ami Salim 20:40
Waaleikum salaam wanangu. Nashauri msibadilishe nyingi pale eapoti mtapunjwa. Na hata hilo la rupia msijisumbue sana, mimi ninazo kiasi zilibaki safari ya 2014 nimezihifadhi kwenye bahasha. Noti za elfu elfu, safi kabisa hazijakunjwa

Zulfa 20:43
Ami 😭 za elfu zilifutwa Novemba 2016. Na mia tano za zamani pia. Wakaleta za elfu mbili nazo wakaanza kuziondoa 2023. Saa hizi noti kubwa ni hiyo mia tano mpya

Omari 20:44
Ami umetutunzia karatasi za kufungia bajia 💀💀💀

Swaleh 20:58
Zilibaki?

Rehema 20:59
Swaleh wacha

Swaleh 21:01
Siwachi. Tuliambiwa hospitali imemaliza kila kitu mpaka teksi ya kurudi eapoti mkakopeshwa. Mi niliuza pikipiki. Da Mwana wewe wajua ulichouza

Ami Salim 21:06
*Ujumbe huu umefutwa*

Omari 21:07
Jamani tuongeeni plagi

Zulfa 21:09
Plagi ni za pini za duara, zetu za mraba haziingii, nunueni adapta huko huko. Na kaka Omari ile sigara yako ya umeme iache nyumbani, huku marufuku tangu 2019

Omari 21:09
Mi siendi tena

Mwanaisha 21:15
Swaleh si hapa. Zulfa hebu sema ya kulala

Zulfa 21:20
Kwangu haitawezekana, mwenye nyumba akiwa na mgeni wa nje lazima amsajili serikalini ndani ya masaa 24, kuna fomu ya kujaza, na huyu wangu hataki usumbufu. Kwa hivyo hoteli, na muulize kwanza kama wapokea wageni wa kigeni maana si zote. Ndege itashuka Mumbai halafu ni kilomita 150 hivi kwa gari, foleni ikiwa mbaya Bibi atachoka, mi naona mlale Mumbai usiku mmoja. Na sweta, Disemba hapa usiku kuna baridi. Mkikodi teksi za simu, Uber au Ola, dereva hang'oi gari mpaka umpe ile namba iliyo kwa programu

Ami Salim 21:34
Swaleh mwanangu. Njoo nyumbani risiti zote zipo

Swaleh 21:35
Risiti nazo ni za noti zipi

Bibi 21:52
🎤 Ujumbe wa sauti 1:47

Rehema 21:55
Niko zamu siwezi kufungua sauti. Asemaje?

Mwanaisha 22:03
Asema amesomewa yote. Asema mwanawe alikata roho mkononi mwa Salim nchi ya watu, sisi sote tulikuwa kwenye simu. Pesa kama zilibaki Mungu ashazigeuza karatasi, basi, hataki kusikia tena. Na Salim ataenda. Salim asipoenda yeye hapandi hiyo ndege

*Jumatatu*

Mwanaisha 06:12
Ami shikamoo. Nitumie pasipoti

Ami Salim 08:47
Marahaba
[Picha]

Mwanaisha 08:50
Ami hii yaisha mwezi wa nne. Wataka iwe na miezi sita kuanzia siku ya kufika na kurasa mbili tupu. Lazima utoe mpya ndio nijaze visa

Ami Salim 09:30
Nitakwenda Uhamiaji wiki hii inshallah

Rehema 11:15
Wiki hii siku gani Ami? Bei ya tiketi yapanda

Zulfa 11:40
Kitu kingine, siku ya kurudi nitawaacha mlangoni. Huku asiye na tiketi haingii eapoti, askari waangalia tiketi na pasipoti pale pale mlango wa nje. Dawa za Bibi ziwe mkobani na karatasi ya daktari, zisiwekwe kwa sanduku

Mwanaisha 13:05
Haya. Mimi, Rehema na Omari naanza visa leo. Bibi namuombea kiti cha magurudumu kwenye tiketi kabisa lakini tiketi yake siwezi kukata mpaka pasipoti ya Ami itoke. Swaleh nimeona umesoma. Waenda au huendi?

Omari 13:20
Mi nataka dirishani

Mwanaisha 13:21
Omari picha yako umepiga na kofia. Rudia